Waya Mfupi kwa Mayai ya Mama

Mama aliingia nyumbani kwetu Uvira amekumbatia kapu kwa mikono miwili, na hakutaka mtu amsaidie kulibeba. Ndani, katika kitenge kilichokunjwa, mlikuwa na mayai. Kuku aliyekuwa akiyaatamia alikuwa amegongwa na lori kule kwake Bwegera, na mama hakuwa na kuku mwingine. Ukoo ule wa kuku wekundu aliuanzisha marehemu baba. Mama akasema waziwazi: mayai yale yakiharibika, kule kwake hakuna tena kinachomwita, atabaki kwetu, akae sebuleni atazame televisheni. Alisema bila kulia, na ndiyo maana iliniuma.

Tuliwaendea majirani kutafuta kuku wa kuazima, tukakosa. Mume wangu anauza vitenge sokoni, lakini ukimsikia akiongea utadhani ndiye aliyeleta umeme mjini. Akapigilia sanduku la mbao, akalijaza pamba, akaweka ndani pasi ya zamani na kuiunganisha na betri ya sola, maana umeme wa mji wetu hauaminiki. Mama akaisogelea pasi, akasoma maandishi: wati elfu moja.

"Elfu moja! Mukwe wangu, unataka kuyaatamia ao kuyakaanga?"

"Mama, usiogope. Minye niko na akili."

Tukangoja. Mama akachukua yai moja, akaligusisha kwenye kope ya jicho lake, ndivyo apimavyo joto la yai. "Iko baridi," akasema, na uso wake ukaanguka.

Hapo nikapandwa na hasira. Nilisoma fizikia sekondari, na mtu anayeunganisha waya bila kupiga hesabu ananikera kuliko mbu. Nikachukua chaki ya mtoto, nikakaa chini, nikaanza kuandika sakafuni huku nikitamka kwa sauti jinsi tulivyofundishwa kwa Kifaransa, ambako volti ni U, ukinzani ni R na ampea ni I: "U, R, I. U, R, I."

"Ndi hano!" mama akaitikia kutoka jikoni.

Mama amekulia katika Kirundi, na kwa Kirundi *uri* ni "wewe uko". Alidhani ninamuuliza aliko, akajibu kwamba yuko hapa. Tulicheka hadi mume wangu akasahau kuniogopa.

Hesabu yenyewe ni hii. Wati ni volti mara ampea. Wati elfu za pasi ni za volti mia mbili ishirini za mji, kwa hiyo elfu nikaigawanya kwa mia mbili ishirini, nikapata ampea nne na nusu hivi. Ukinzani, yaani kiasi waya unavyouzuia umeme, ni volti gawanya kwa ampea: kama omu arobaini na nane. Ukiihamishia pasi kwenye betri, waya wake ni uleule. Betri ina volti kumi na mbili. Kumi na mbili gawanya kwa arobaini na nane ni robo ampea. Robo mara kumi na mbili, wati tatu. Wati tatu! Mume wangu alikuwa amewasha kimulimuli.

Sanduku lile nilikadiria linahitaji wati thelathini na sita. Kwa volti kumi na mbili, hizo ni ampea tatu, na kumi na mbili gawanya kwa tatu ni omu nne. Tulikuwa na resho mbovu la kupikia, nalo la wati elfu, waya wake uliojiviringa uko wazi. Omu nne ni sehemu moja ya kumi na mbili ya arobaini na nane. Nikapima waya kwa rula, nikakata kipande.

Mama akanishika mkono. "Weye unakata waya, joto itatoka wapi? Minye nikitosha kuni mu jiko, moto inapunguka."

"Mama, waya mufupi hauzuii sana. Umeme unapita mwingi."

Akafikiri. "Kama mufereji ya mupunga. Ikiwa murefu na iko na majani, maji inachelewa."

"Ndiyo hivyo."

Nikakiunganisha kipande na betri, kikapata moto. Mama akaligusisha yai kwenye kope, akatabasamu, akatufukuza wote pale.

Majuma yaliyofuata yalikuwa matamu. Mama aligeuza mayai, alifungua kifuniko joto lilipozidi, aliimba, alikosoa sombe yangu ya majani ya muhogo, akamfundisha mume wangu matusi madogo ya Kirundi. Nikirudi kutoka kazini nilimkuta hapo kando ya sanduku, nami nikajiketia karibu naye.

Kisha mayai yakaanza kugongwa kutoka ndani. Si yote yaliyoanguliwa, lakini vifaranga wekundu walitosha. Mama alishangilia, na walipopata nguvu kidogo akasema, "Basi, minye narudia kwangu."

Mume wangu akanisifia hesabu. Nilitamani kumpiga.

Nikatoboa matundu kwenye katoni, nikawaweka vifaranga, nikamsindikiza mama hadi barabarani. Pale nikamwambia nimegundua kosa katika hesabu zangu, afadhali angojee kwanza.

"Kosa gani?"

Sikuwa nalo. Nikamkumbatia, katoni katikati yetu, vifaranga wakilia, dereva akipiga honi.