Kikombe kwenye Kona ya Mwisho

Nilizaliwa Masasi, katika nyumba ya mwalimu wa kanisa, hatua chache kutoka kisimani. Nalisema hilo mapema ili mnionee huruma kidogo. Nilipoolewa Newala, miaka ya mwisho ya utawala wa Mwingereza, nilijua kusoma, kushona, kuimba sauti ya pili na kumjibu mtu mzima bila kuonekana nimemjibu. Kubeba maji sikujua.

Newala iko juu kwenye ukingo wa uwanda, na maji yalikuwa chini bondeni. Mabomba yalikuwa hayajafika mtaa wetu. Wanawake waliteremka alfajiri na mitungi mitupu wakicheka, wakapanda nayo imejaa wakiwa bado wanacheka. Mimi nilipanda nikilia. Mwanzoni nilikwenda mbio ili nisiachwe, na nilipofika kona ya mwisho, pale njia inaposimama wima, mtungi uliyumba na maji yakanimwagikia mgongoni.

Mama mkwe alinisubiri uani. Hakunisema. Alitumbukiza mwiko wake mrefu mtungini mpaka chini, akautoa, akatazama ulipoishia kuloana. Maji ya wenzangu yalipita katikati ya mwiko, yangu hayakufika hata nusu. Aliufuta kwa upindo wa kanga akaniambia, "Ahsante, mwanangu. Kwenu Masasi maji ni karibu, eh?" Kila siku kwenu Masasi, kwenu Masasi. Heri angenitukana.

Siku moja nikimenya mihogo nyuma ya jiko, niliwasikia mawifi zangu wakimwambia, "Mama, huyu hatufai. Msimu wa korosho ukiisha arudishwe kwao." Mama mkwe hakukubali wala hakukataa. Mume wangu alikuwa mwalimu, mpole mno, asiyeweza kubishana na dada zake hata juu ya chumvi. Nami nilimpenda, nasema wazi, na sikutaka kurudi Masasi na sanduku langu kichwani.

Kesho yake nilitoka mbio zaidi. Pale pale kona ya mwisho nikateleza, nikavunja mtungi na kutegua kifundo cha mguu. Wasichana wakanikokota hadi hospitali ya misheni.

Sista aliyenipokea tulimjua wote. Kila jioni aliteremka mpaka majini, kisha akapanda mikono mitupu. Mtaa mzima uliamini anatubu dhambi, maana mtu mwenye akili hawezi kwenda mpaka kwenye maji akarudi bila maji. Ubishi ulikuwa ni dhambi gani.

Alinifunga mguu huku nikilia, akaniuliza nalia mguu au nalia jambo lingine. Nikamweleza yote, mwiko, mawifi na msimu wa korosho. Ukutani kwake palikuwa na picha ya msichana aliyevaa mbao mbili ndefu miguuni, fimbo mkono huu na fimbo mkono ule, mdomo wazi kwa kuhema, na pande zote peupe. Nilitambua ni yeye.

"Pole sana, Sista," nikasema. "Maji yalikuwa mbali?"

Akaitazama picha, akanitazama mimi. "Hapakuwa na maji."

"Sasa ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Pale nilipoanzia."

Nikamwonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba hakuwa Mwingereza kama tulivyodhani. Alitoka Ufini, nchi ambayo kwa miezi mingi ardhi yake inafunikwa na theluji, na watoto wanakwenda shule wakiteleza juu ya mbao hizo. Yeye aliteleza kwenda shule, akawapita kaka zake, akashinda mashindano ya wilaya, mwisho akachaguliwa kwenda nchi ya mbali kushindana kwa ajili ya taifa lake.

Mguu ulipopona nikaanza kuteka maji jioni, saa yake. Sista alipanda nyuma yangu akitazama miguu yangu kama fundi anayetazama kiti kibovu.

"Unapanda kwa hasira," alisema siku ya kwanza. "Nani amekukosea huko chini?"

"Huko chini hakuna mtu, Sista. Wako juu."

Alicheka mpaka akakaa chini njiani. Kisha akanifundisha kazi yake. Nianze polepole mpaka nione aibu. Hatua ziwe fupi, pumzi ifuatane na miguu, mabega yalegee. Nipumzike kabla ya kuchoka. Kona ya mwisho nisiitazame kabisa, nitazame mahali pa kuweka mguu. Nilimwuliza kama yeye anaweza, akautwaa mtungi wangu akauweka kichwani juu ya ngata, akaenda hatua tatu na maji yote yakamwishia kifuani. Wasichana walilisimulia hilo mwezi mzima. Lakini mafunzo yake yalikuwa ya kweli, na mwiko wa mama mkwe ulianza kuloana kidogo kidogo kuelekea juu.

Mengine alinisimulia tukipanda. Katika mashindano ya kwao, mama yake alisimama kila mara kwenye kilima cha mwisho, na kikombe cha bati chenye maji moto ya matunda ya porini. Sista alikunywa akipita, akakirusha kikombe, mama akakiokota. Kwenye yale mashindano ya nchi ya mbali, alikuwa wa tatu mpaka kilima cha mwisho. Alijua vizuri mama yake yuko nyumbani, lakini macho yalikwenda pembeni kumtafuta. Hapo mwenzake akampita. Akamaliza wa nne, na wa nne hapewi kitu. Mwaka uliofuata mama alifariki. Sista akazitundika mbao ukutani na kwenda kusomea uuguzi.

"Miguu ilikuwa bado ina nguvu," aliniambia. "Kilima ndicho kilichokuwa kimebaki kitupu."

Nilimsimulia mama mkwe hayo yote tukibangua korosho. Nilimsimulia kwa sababu mdomo wangu hauna mlango, wala sikuwa na hila yoyote. Tuliongea Kiswahili, yeye Mmakonde na mimi Myao. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Huyo mama alipanda kilima na kikombe cha moto mkononi?"

"Ndiyo, mama."

"Kisimwagike?"

"Kisimwagike."

Akaendelea na korosho zake.

Msimu ukaisha. Mawifi zangu wakaja, wakakaa barazani tangu mchana, na sanduku langu nilikuta limetolewa chumbani limewekwa karibu na mlango. Nikachukua mtungi nikaenda majini. Sista siku hiyo alikuwa na mgonjwa, kwa hiyo nilipanda peke yangu, na kwa sababu ya sanduku lile nilisahau kila nilichofundishwa. Nilipanda kwa hasira. Karibu na kona ya mwisho maji yalianza kunipiga mgongoni, nami nikainua macho juu, kosa lile lile.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale. Miaka mingi alikuwa hajateremka hata hatua moja ya njia ile, kwa ajili ya magoti yake. Mkono mmoja ulishika mti, mwingine kikombe cha bati kilichofunikwa kwa kisahani, na mvuke ulikuwa unatoka pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kunywa, usiongee."

Ulikuwa uji wa mtama. Nilikunywa nikilia, mtungi kichwani, naye akanishikia kiuno nisiyumbe. Nilipomaliza nikamwambia, "Mama, leo yamemwagika mengi. Mwiko utaona."

"Mwiko nimeuacha jikoni."

Akautua mtungi kutoka kichwani pangu, akajitwisha mwenyewe na magoti yake yale, akanipa kikombe nikibebe.

"Haya," akasema. "Twende kwetu."