Neno Moja kwa Kila Shuka

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, mvuke hupanda tangu alfajiri, na kufika saa nne sura za watu huwa hafifu kama picha iliyolowa. Humo alifanya kazi mama mmoja wa miaka hamsini na minane, wenzake wakimwita Dada Pasi. Alikuwa amenyoosha shuka za wagonjwa miaka ishirini na mitatu. Mikono yake iliijua kazi hata akiwa nusu usingizini, na kusema kweli, kuna asubuhi alinyoosha akiwa nusu usingizini.

Dada Pasi alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, ziwa moja. Mdogo mtu aliolewa ng'ambo akiwa bado binti, akazaa huko mtoto mmoja wa kiume, mvi zikamwotea huko huko. Lakini kila Jumapili saa tisa alasiri simu ililia, na dada hao wawili wakaongea mpaka masikio yakawaka moto. Walitaniana, walisutana, wakawasengenya hata majirani waliokwisha kufa.

Kisha mdogo mtu akapatwa na kiharusi. Mungu akasaidia, mguu ukarudi, mkono ukarudi. Lugha ndiyo haikurudi yote. Ile ya kigeni aliyoipata ukubwani ilibaki nzima. Ile aliyoinyonya na maziwa ikatoweka. Daktari alisema hutokea, ingawa ni nadra.

Jumapili ya kwanza baada ya hapo walisikilizana pumzi tu. Mwishowe yule mtoto wa mdogo wake akachukua simu. Alizaliwa huko, Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga.

"Mama mkubwa, mama anasema sauti yako anaijua. Maneno hapana. Anasikia kama maji yanapita."

Dada Pasi akapiga moyo konde. Kama mdogo wake hawezi kurudi kwenye lugha ya nyumbani, basi yeye atamfuata kule kwenye lugha ya ugenini. Akanunua daftari, akatafuta masomo ya kusikiliza kwenye simu, akajipangia saa nzima kila jioni.

Mumewe, fundi viatu, akatikisa kichwa. "Mke wangu, ulimi wa umri huu ni kama ngozi kavu. Ukiukunja upya unapasuka."

"Wewe si fundi? Ngozi kavu hupakwa nini?"

"Mafuta."

"Basi niache nipake."

Wiki ya kwanza alikwenda vizuri. Ya pili alilala juu ya daftari, wino ukamchora shavuni. Ya tatu akaruka siku moja, moja ikazaa tatu, tatu zikazaa mwezi. Kila Jumapili alitoa salamu aliyokariri, kisha akasingizia mtandao na kukata simu. Aliona aibu.

Jumatano moja simu ikalia, siku isiyo yake. Alikuwa yule kijana.

"Mama mkubwa, nisamehe. Jumapili mama anavaa nguo nzuri tangu asubuhi. Anakaa na simu. Wewe unasema salamu, unakata. Yeye hakasiriki. Jumapili nyingine anavaa tena."

Dada Pasi akakaa juu ya furushi la foronya, akalia mpaka basi.

Kesho yake alichana karatasi, akaandika maneno kumi, akaibana kwa pini ukingoni mwa meza ya kupigia pasi. Saa nzima hakuwa nayo, na alikwisha kujidanganya vya kutosha. Alichokuwa nacho ni shuka. Kila shuka ikapewa neno lake: akalitamka pasi ikiondoka pindo hili, akalirudia ikifika pindo lile.

Mkunjaji wa shuka, mama mnene mwenye sauti kama tarumbeta, akamtazama kupitia mvuke. "Mwenzangu, unaongea na nani?"

"Na mdogo wangu."

"Yuko wapi?"

"Mbali. Nikimaliza rundo hili atakuwa karibu kidogo."

Siku nyingine moyo haukutaka kabisa. Siku hizo alisema neno moja tu, lililo jepesi kuliko yote, neno la maji, akahesabu kuwa amesoma. Alichoogopa ni siku tupu, maana alijua inavyozaa.

Polepole maneno yakaacha kungoja pasi. Neno la dirisha likawa na mwanga ndani yake. Neno la kesho lilikuwa refu na laini, mtu akilitamka ni kama anavuta pazia. Akienda nyumbani aliona baiskeli na jina lake la pili likija nyuma yake, akaona paka ukutani, kila kitu kina kivuli cha sauti. Alitembea taratibu, kana kwamba mitaa ni miwili, mmoja umelazwa juu ya mwingine, naye hataki kuukanyaga wa chini kwa nguvu.

Alfajiri moja mumewe akamwamsha. "Ulikuwa unaongea ndotoni. Sikuambulia hata neno."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Dada Pasi akajifunika shuka mpaka kichwani, akacheka peke yake.

Jumapili iliyofuata mdogo wake alianza hadithi kwa ile lugha ya ugenini. Mvua, alisema. Usiku. Sisi wawili, kitanda kimoja. Asubuhi godoro limelowa, nawe ukamwambia mama paa linavuja.

Kijana, aliyeishika simu kwenye spika, akavuta pumzi ili atafsiri, akakuta mama mkubwa ameshaangua kicheko.

"Si mimi!" Dada Pasi akapaza sauti kwa lugha hiyo hiyo, vitenzi vikianguka huku na huku. "Wewe! Wewe kojoa! Mimi lala kavu!"

Upande wa pili kikaja kicheko ambacho hakukisikia tangu ugonjwa uingie, kile kinachoishia na kwikwi.

"Husemi 'wewe kojoa'," mdogo mtu akasahihisha, akihema. "Unasema 'wewe ulikojoa'."

"Asante. Wewe ulikojoa!"

Walibishana dakika arobaini. Kijana alipoona hana kazi aliiacha simu mezani, akaenda kujitafutia chai. Suala la godoro hawajakubaliana mpaka leo.