Mke Wangu Aliapishwa, Mtoto Akikonda

Mke wangu aliapishwa kwa Msahafu mtoto wetu akiwa na siku thelathini na tatu.

Kwa kuwa alikuwa bado na nifasi, ile damu ya uzazi, hakuruhusiwa kuushika. Mamangu aliushika yeye, na Nusaiba akainua mkono wa kulia, akaapa kwamba hajamjua mwanamume mwingine tangu nimwoe.

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale mkekani, namtazama. Sikusema kitu. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, na nitaisema, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Naitwa Hashim. Ni mhudumu wa mezani kwenye hoteli moja huku Diani, zamu ya asubuhi. Naamka saa kumi alfajiri, saa nane mchana niko nyumbani Ukunda, na mchana huo ndio usingizi wangu.

Mwaka jana tulipata mtoto wa kwanza, wa kiume, kilo tatu na gramu mia mbili. Mamake Nusaiba alishafariki, kwa hivyo arobaini ya uzazi tuliiweka kwetu, chini ya mamangu, Mwanafatuma.

Mtoto alijaliwa sauti, wallahi. Ikifika saa tisa mchana akianza, mtaa mzima unajua kwa Hashim kumezaliwa.

Siku ya tatu nikakumbuka mfuko. Kuna wageni waliondoka wakaniachia vitu vya mtoto wao, wakanisainia na karatasi ya geti ili walinzi wasinishike. Ndani mlikuwa na chuchu ya mpira, mpya kabisa, ile mtoto anayoinyonya na haitoi kitu.

"Bado hajalijua ziwa langu," Nusaiba akaniambia. "Mngoje hata mwezi."

"Watoto wa wageni wote wanazo. Umewahi kusikia mmoja akilia pale ufukweni?"

"Mimi ufukweni naenda lini, Hashim?"

Nikaichemsha, nikamtia mdomoni. Kimya. Nililala fofofo mpaka magharibi. Nikaona nimeula.

Mama akaipenda kuliko mimi. Akaifunga uzi, akaibana kwa pini kwenye nguo ya mtoto. Mtoto akifungua mdomo tu, anatiwa. "Mwache mamake apumzike," alikuwa akisema, na mimi nikajiona baba mwerevu.

Wiki ya pili kadi ilitaka mtoto apelekwe kliniki akapimwe. Mama akakataa, mtoto hatolewi nje kabla ya arobaini. Sikubisha. Nilikuwa nashukuru kwamba nyumba imetulia.

Wiki ya nne mtoto akaanza kukonda. Mapaja yakabaki mikunjo ya ngozi. Hata kulia hakulii tena vile. Na maziwa ya Nusaiba, yaliyokuwa yakilowesha leso mbili kwa siku, yakapungua.

Hapo ndipo mama aliponiita uani.

"Hashim, mtoto huyu ana chirwa."

Kwetu Kwale neno hilo hata watoto wanalijua. Ni maradhi ya mtoto mchanga ambaye mzazi wake mmoja ametoka nje ya ndoa. Mtoto hukonda mpaka akaisha, na wazee wanasema haponi hadi mwenye kosa aseme.

Mzazi mmoja. Yeyote. Lakini mama hakuniuliza mimi.

"Wewe nimekulea mwenyewe, nakujua," alisema. "Huyu ametoka Shimoni. Alikopita mimi sijui."

Basi ndivyo tulivyofika mkekani.

Nusaiba aliapa bila kutetemeka. Alipomaliza akanigeukia. Alikuwa anangoja niseme, "Mama, basi, yatosha." Maneno matatu tu. Nikajitia hamnazo, nikawa natazama ncha ya mkeka.

Mama akafunika Msahafu, akasema waapao uongo ni wengi. Toka siku hiyo akaacha kumkanda. Chakula akawa anamwekea mlangoni, hata salamu hakuna.

Siku mbili baadaye mtoto hakuamka vizuri. Ukimwinua, kichwa kinaanguka. Nusaiba hakumwomba mtu ruhusa. Alivaa buibui, akambeba mwanawe, akatoka. Mimi na mama tukamfuata mbio hadi zahanati.

Nesi aliyekuwepo aliitwa Damaris, mama mmoja wa bara, hana mchezo. Akamweka mtoto kwenye mizani. Kilo mbili na gramu mia tisa. Akampima tena.

"Ako wiki tano na yuko chini ya vile alizaliwa?" akatuuliza. "Huyu anaenda hospitali kubwa leo leo. Mkikaa naye hivi wiki ingine, mtampoteza."

"Mwanangu, dawa ya huyu haiko kwenu," mama akamjibu. "Mamake hajasema ukweli."

Nilimtazama mtoto. Macho yalikuwa yamejaa uso mzima. Nikashindwa.

"Ni mimi," nikasema.

Sasa niiseme hiyo sababu. Mwezi ule ule, Nusaiba akiwa ndani na arobaini yake, nilikuwa nakwenda kwa mwanamke mmoja wa kazini. Mara tatu. Nyumbani nilisema nimepewa zamu ya ziada. Mama alipotaja chirwa, niliamini. Niliamini kabisa kwamba mimi ndiye ninayemuua mwanangu, na bado nikamwacha mke wangu aapishwe kwa niaba yangu.

Nilisema yote pale pale, huku nalia. Nikamshika nesi mkono, nikamwambia amtibu sasa, nimeshasema.

Damaris akautoa mkono wangu polepole.

"Baba, hiyo stori mtaongea nyumbani. Mimi nataka kujua mtoto anakula nini."

Halafu akauona uzi. Akauvuta, chuchu ikatoka ndani ya nguo.

"Hii anapewa mara ngapi?"

"Akilia tu," mama akasema.

"Na titi?"

"Mara nne kwa siku, tano akiwa macho," Nusaiba akajibu. "Akilia nikija, nakuta keshatiwa hiyo."

"Anafaa kunyonya mara nane, hata kumi na mbili." Damaris alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kumpeleka mtoto hospitali. "Mtoto mdogo akilia anaitisha chakula. Nyinyi mmekuwa mkimpa mpira. Na titi lisiponyonywa, maziwa inapungua. Mngengoja kwanza ajue kunyonya, mwezi hivi, na hata hapo mtoto wa njaa hapewi hii."

Mambo yote yalieleweka kwa dakika tano. Mimi nilikuwa nimeshaungama.

Mtoto alilazwa siku sita. Nusaiba alimnyonyesha kila alipochezesha midomo, na maziwa yakarudi. Siku ya kuruhusiwa, kakake Athmani akaja kutoka Shimoni na gari la kuazima. Si mimi niliyemwita.

Nilimfuata mke wangu mpaka kwenye gari.

"Nusaiba, nisamehe. Ile chuchu sikujua."

"Chuchu nimekusamehe, ulitaka kulala tu," akasema. "Huyo mwanamke wako, labda ningekusamehe pia, Mungu ndiye ajuaye moyo. Lakini mimi niliinua mkono nikakutazama, Hashim. Na ulikuwa unajua."

"Niliogopa."

"Hata mimi niliogopa. Na sikuwa nimefanya kitu."

Athmani akamfungulia mlango. Hakunipa mkono, na sikuutegemea.

Talaka niliitoa miezi minne baadaye, kwa kuombwa. Mtoto sasa ana miezi kumi na moja, mnene mashallah. Namwona Ijumaa mbili kwa mwezi, nikimbeba ananilia kwa sababu hanijui.

Mamangu? Mpaka leo anawaambia wanawake wa mtaa kwamba yeye ndiye aliyemwokoa mjukuu. "Si mliona? Babake alipoungama tu, mtoto akapona." Nimechoka kumweleza. Nusaiba hajapata kuombwa radhi naye, na mimi sina uso wa kumlaumu mama, kwa kuwa yeye angalau alikuwa hajui.

Nyinyi mnaosoma hapa na mna mtoto mchanga ndani, akilia mpeni mamake amnyonyeshe. Na akikonda, ulizeni kwanza amekula nini, kabla ya kumuuliza mamake alikuwa na nani.