Mwite Mwenzio Siku ya Kutia Nta

Nakumbuka asubuhi ile mama alipolitoa jiwe lake kwenye pindo la kanga akampa wifi yangu Zaina. Mwanangu, muhogo niliokuwa nautafuna niliuacha palepale. Niliteremka uani nikajifanya natafuta kuku.

Wewe jiwe hilo hulijui. Lilikuwa jeusi, dogo la kujaa kiganja, limetoka mtoni siku za bibi yake mama. Mtungi ukishafinyangwa na kuanza kukauka kivulini, unausugua kwa jiwe hilo taratibu mpaka udongo ung'ae wenyewe, bila rangi wala mafuta. Kwetu Mwera aliyekuwa na jiwe ndiye mfinyanzi wa nyumba. Wengine walikuwa wasaidizi tu.

Na mimi ndiye niliyezaliwa katika nyumba ile. Nimekanda udongo na mama tangu sijaota meno ya ukubwani. Zaina alikuja juzi tu, kaletwa na kaka yangu kutoka Muheza, Mbondei wa watu, mpole, hana maneno mengi. Sasa mikono ya mama ilikuwa imeanza kuvimba vifundo, jiwe linamponyoka, na badala ya kuniita mimi akamwita yeye. Donge lilinikaa hapa, mwanangu. Si donge la siku moja. Nilikuwa nikimwona amekaa kwenye mkeka anasugua, shingo kaiinamisha, namtazama vidole vile vinavyokwenda kama vya mtu anayembembeleza mtoto, nasema moyoni, huyu kamroga mama yangu.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba mitungi yake ilikuwa mizuri. Ingekuwa mibaya ningelala usingizi.

Basi shoga yake mama wa Usagara alikuwa anamwoza binti yake, akaomba mitungi ya achari ya ndimu kwa ajili ya karamu. Si chupa, alitaka mitungi yetu, ile midogo yenye vifuniko vya udongo. Mama akasema tugawane, nusu nifinyange mimi, nusu Zaina. Nikajua hapo ndipo pa kumwonyesha. Mitungi yangu ikipendeza, mama ataona amekosea, na jiwe litarudi kwa mwenyewe.

Lakini achari haikai kwenye udongo mtupu. Ndimu na chumvi vinapenya ukutani, unaamka unakuta mtungi umetoka jasho, nje umeota unga mweupe wa chumvi na ndani achari imekauka. Dawa yake ni nta ya nyuki. Mtungi unatolewa kwenye moto wa makumbi ya nazi, ungali wa moto, nta inamiminwa ndani, na papo hapo mtungi unageuzwageuzwa ili nta ienee kabla haijaganda. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anaushika mtungi kwa magunia yaliyoloweshwa na kuugeuza, wa pili anamimina. Mama hakuwa na mikono tena ya kushika kitu cha moto. Tulibaki mimi na Zaina.

Siku ya moto akanijia, kashaloweka magunia, kayakunja vizuri. Akasema, "Wifi, nikushikie?"

Nikamjibu, "Nyumba hii nimezaliwa, Zaina. Sihitaji mgeni anishikie mtungi."

Akayachukua magunia yake. Akaenda kwenye mitungi yake. Baadaye kidogo akaniomba basi mimi nimshikie yeye, nikamwambia mgongo unaniuma. Wallahi haukuniuma. Kila mtu akatia nta peke yake, mkono mmoja wa kugeuza, mwingine wa kumimina, moshi machoni, tumepeana mgongo kama watu wasiojuana. Kwa nje mitungi yangu ilipendeza, nikaitazama nikaona raha.

Mama alikuwa na desturi yake ya kupima. Alijaza maji ya chumvi katika kila mtungi, akaipanga juu ya majivu makavu yaliyochekechwa, ikalala hapo. Asubuhi mtungi ukinyanyuliwa, majivu yanasema yenyewe. Yakiwa makavu, nta imeshika. Yakiwa yameloa, mtungi unavuja.

Asubuhi hiyo mimi ndiye niliyewahi. Sikwenda kwenye mitungi yangu, mwanangu. Nilikwenda kwanza kwenye ya Zaina, nikanyanyua mmoja, nikakuta majivu yamekuwa tope. Nikanyanyua wa pili, tope. Furaha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilikuwa nimeukumbatia mtungi wa watu unaovuja, maji ya chumvi yanachuruzika kwenye kanga yangu, nami natabasamu.

Kumbe mama amesimama mlangoni. Akaniambia, "Sasa nyanyua yako."

Nikanyanyua. Tope vilevile, na wa pili hivyohivyo, hadi wa mwisho. Nta ilikuwa imeganda upande mmoja tu, upande wa pili udongo mtupu. Zaina naye akatoka, akatazama, akakaa chini kwenye kizingiti. Harusi ya watu imekaribia na hatuna hata mtungi mmoja wa kutia ndimu.

Mama hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepona haraka. Alikaa kwenye kigoda chake akasema, "Jiwe nimempa Zaina kwa sababu mkono wake unajua kusugua kuliko wako, na kuliko wangu pia. Unadhani mimi halikunikaa donge? Nimesugua maisha yangu yote, kaja mtoto wa juzi kanipita. Lakini wewe unaijua nta. Unaijua kwa harufu ilipofikia, jambo ambalo Zaina hajaliweza. Mwonee wivu ukitaka, siwezi kukuzuia. Ila moto ukiwaka, mwite."

Tukaimwaga mitungi, tukaisuuza, tukaikausha juani, tukaipasha moto upya. Zaina akashika, mimi nikamimina. Hatukuzungumza, ila "geuza" na "basi". Safari hii majivu yalibaki makavu, na achari ikaenda Usagara.

Unadhani nilipona? Siku ya karamu wanawake walikuwa wanaipapasa ile mitungi, wanauliza nani kaisugua namna hii. Zaina huyo, Zaina yule. Nta hakuna aliyeiuliza, nta iko ndani, nani aione. Nilikula pilau yangu nimenuna.

Jiwe analo Zaina mpaka leo. Mama alipofariki sikuliomba. Nimekuja kukaa huku Mabawa, mwenzangu yuko kulekule Mwera, macho yamepungua, lakini kila msimu wa ndimu hunipigia simu: wifi, moto kesho. Nami hupanda gari nikaenda. Nikifika, kitu cha kwanza ni kuushika mtungi wake, na roho huniuma vilevile. Kisha naomba nta.

Sasa wewe juzi umekuja hapa umenuna. Mwajuma, mliyeanza naye kufinyanga, mitungi yake inasifiwa kwenye simu na yako haitajwi, na Jumamosi unachoma peke yako. Nimekusikia, na sikukuambia kitu kwa sababu nilijiona. Nikuusie, mwanangu. Wivu huwezi kuuamrisha utoke, mimi nimezeeka nao. Usijione mbaya kwa kuwa nao. Ila usikubali uzuie mkono wako kumshikia mwenzio, wala ukufanye uukatae mkono wake. Nuna ukitaka, lakini kaloweke magunia, umpigie Mwajuma kabla ya Jumamosi.

Mungu akubarikie mikono yako, akupe riziki ya halali na udongo usiopasuka. Asikunyime kamwe mtu wa kumwonea wivu, na siku ya moto akupe ulimi wa kumwita.