Tapeti Nane Kwenye Trei ya Mayai

Injini ikilia tik-tik-tik asubuhi, kabla haijapata moto, mimi huacha ninachofanya na kusikiliza mpaka chai ipoe mkononi. Niwaambie ukweli, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango hurudi kuhakikisha, kisha hurudi tena. Lakini sauti hiyo hunipeleka moja kwa moja kwetu Ogembo, nikiwa na miaka tisa, siku niliyotaka kila kitu king'ae.

Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwetu, alikuwa mkulima wa chai mwenye gari kuukuu la buluu aina ya saluni. Aliichokora injini yake kwa miaka ili ipande mlima wa kutoka mtoni bila kupunguza mwendo. Jirani yetu Omwenga, mwenye gari jipya, hakuacha kumtania. "Fundi cherehani ameamka!" alipaza sauti kila aliposikia tik-tik. Tata alimjibu, "Ngoja nikushonee suruali pale mlimani!"

Tik-tik hiyo ilitoka kwenye tapeti, vyuma vifupi vinavyokaa juu ya kemshafti, ule mhimili wenye nundu, na kusukuma vali, vile vilango vya injini, zifunguke. Tata alichagua za chuma kitupu. Zile zinazojaa mafuta ndani huwa kimya, alisema, lakini katika injini kama yake, ikikimbizwa sana, zinazuia vali kufunga.

Ijumaa moja alizitoa zote nane kuzikagua, akazipanga kwenye trei ya mayai, akaenda kupeleka majani ya chai. Ijumaa kwetu ni siku ya kujiandaa kwa Sabato, na kazi yangu ilikuwa kusugua sufuria kwa waya na majivu kabla jua halijazama. Sufuria zikaisha, bado nina nguvu. Nikaona vile vyuma vyeusi vinavyonuka mafuta. Nikavisugua, nikavipanga upya, vinavyong'aa zaidi mbele, nikafunika trei kwa kitambaa.

Siku ya Sabato, baada ya ibada, Tata alimweleza Omwenga mezani kwetu: "Kila tapeti imezoeana na nundu yake. Ukizibadilishia nafasi zinatafunana, kemshafti inaisha. Kesho nafunga injini."

Niliuacha ugali wa wimbi sahanini. Usiku ule niliamua kumwambia.

Jumapili nilimtangulia gereji, nikasimama mbele ya trei.

"Tata, nilizisugua."

"Ulisugua nini, Moraa?"

"Zote. Na nikazipanga upya."

Alifunua kitambaa. Akainua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaona michirizi ya waya. Akazigeuza zote nane, moja moja, huku nikihesabu misumari ya ukutani.

"Mimi ndiye sikuandika namba," alisema mwishowe. "Lakini ungenyamaza, leo ningeiua injini yangu kwa mikono yangu."

Hakukubali kubahatisha. Alipitisha ukucha kwenye kila nundu, akaridhika kwamba kemshafti ilikuwa nzima, kisha tukaenda Kisii mjini kununua tapeti mpya. Mimi ndiye niliyeandika namba kwenye trei na kupaka kila tapeti mafuta mazito. Alipowasha, aliishikilia injini kwa kasi dakika ishirini, nami nikikodolea saa macho, kwa sababu ikizunguka polepole nundu hazipati mafuta ya kutosha na chuma kipya hukwaruzika.

Baadaye akapima nafasi za vali, ule mwanya mdogo unaoachwa kati ya vyuma, kwa kibati chembamba. Tik-tik ikarudi.

"Kaza kidogo, Tata, inyamaze."

"Nikikaza mpaka inyamaze, ikipata moto chuma kinatanuka, vali haifungi. Inaungua. Iachie nafasi."

"Cherehani imefufuka!" Omwenga akaita kutoka ng'ambo ya ua.

Saluni hiyo sasa ni yangu. Nilijifunza kwa kufungua na kufunga, na kulia katikati. Siondoi tapeti kabla ya kuandika namba, na naisafisha kwa kitambaa tu. Hilo nililielewa siku ile ile. Lile la nafasi lilinichukua miaka. Nilidhani Tata amechoka tu, ameridhika na kazi isiyo kamili.

Leo nimepima vali zote nane mara tatu. Ziko sawa, na bado zinalia. Mkono umetaka kukaza kidogo, kidogo tu. Nimeweka spana chini, nikafunga boneti; nimeiachia nafasi, na mlima itaupanda.