Mashine ya Ng'ambo ya Barabara

Nilikuwa na wivu, na sitazunguka. Wivu wa kuamka nao asubuhi na kupiga nao mswaki. Mama mmoja alisimamisha mashine yake ya kukoboa mpunga ng'ambo ya barabara, usawa wa mlango wangu kabisa, hapa Ifakara kwenye njia ya kwenda Mlimba, na tangu siku hiyo chai yangu ikawa hainogi.

Ingekuwa mashine yake ni bora kuliko yangu, ningenyamaza. Lakini wapi! Yangu niliinunua mpya. Inakoboa, inapepeta, inatoa mchele mzima upande wake na chenga upande wake. Yake ilikuwa mtumba, imetoka Kiberege kwa mtu aliyeichoka, ikapakwa rangi ya bluu ili uzee usionekane. Ikiwashwa inakohoa kwanza. Halafu nikitoka nje nakuta foleni imeanzia mlangoni kwake, inakaribia kuvuka barabara ije kwangu, na kwangu wamekaa watu wawili, mmoja wao amekuja kujikinga jua.

Ana nini huyu? Ndilo swali nililolala nalo na kuamka nalo. Sura ya kawaida tu. Mjini amekuja juzi. Tulikuwa tunasali jumuiya moja, wiki hii nyumbani kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kwa hiyo nilimjua vizuri: hata kuimba hajui. Kitu pekee alichokuwa nacho ni mdomo. Anaongea na kila mtu. Anaongea na mwenye gunia kumi na mwenye debe moja, anaongea na dereva wa bajaji aliyekuja kushusha mzigo tu. Nilikuwa nakaa kwenye kiti changu namwangalia anavyosogeza mikono, nasema moyoni, ongea, ongea, utachoka.

Mimi sikulelewa kuongea kazini. Baba yangu alikuwa mvuvi wa mto Kilombero, na kwake mtu anayepiga soga ndani ya mtumbwi alikuwa anafukuza samaki. Nilikua nikijua kwamba kazi na maneno havikai pamoja. Kwangu mambo yalikuwa hivi: mteja anakuja, shikamoo, marahaba, gunia linashushwa, anakaa. Umeme ukikatika naingia ndani kupumzika. Akinifuata kuuliza, "Mama, umeme utarudi saa ngapi?" namjibu, "Kwani mimi ndiye niliyeukata?" Wenyewe walicheka, nami nilidhani wanacheka kwa sababu nimechekesha.

Yeye alikuwa na ubao mweusi mlangoni. Kila asubuhi anaandika kwa chaki: leo tutakosa umeme mpaka saa nane, walio mbele yako ni sita, mwenye haraka aseme. Mzigo ukiisha anampigia mwenyewe simu: baba, mpunga wako tayari, pumba nimekuwekea kwenye mfuko wa pembeni. Simu moja tu, nusu dakika. Mtu anakwenda sokoni, ananunua mahitaji yake, anarudi kwa wakati. Kwangu mtu anashinda kwenye benchi kutwa nzima hajui kama zamu yake ni sasa au kesho. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu mawili. Nikasema anajipendekeza.

Ikafika mahali nikaanza kusema maneno. Nilisema amefukia dawa pale mlangoni. Nilisema kwa mtu mmoja tu, baada ya sala ya jumuiya, tukiwa tunakunywa chai kwenye vikombe vya mwenye nyumba, na nikasema kwa sauti ya chini kama ninayemwonea huruma. Kufika Jumapili kanisa zima linajua. Yeye naye akajua. Asubuhi ya Jumatatu akavuka barabara akanisalimia, "Dada, habari za kuamka?" akaniuliza kama na mimi umeme unanisumbua. Hakusema kingine. Afadhali angenirukia nikajua moja.

Mume wangu aliniambia, "Watu hawakufuati kwa sababu huwaambii kitu." Nikamsikia nusu. Nikaenda kununua spika. Kubwa, ya kusimama chini. Nikamlipa mtu akanirekodia: karibuni, karibuni, mashine ya kisasa, mchele mweupe, karibuni. Ikawa inapiga kelele tangu saa mbili asubuhi, ikimaliza inaanza upya. Siku ya tatu mzee mmoja aliyeleta gunia mbili akaniita akitaka kuniuliza kitu. Nikamwambia sisikii. Akarudia. Nikamwambia sisikii, spika. Akainua gunia lake moja, akamwita mtu wa bodaboda akainua la pili, wakavuka. Nilimwangalia mpaka alipofika kule, akaanza kuongea na yule mama, naye ameinamisha kichwa anamsikiliza. Jamani, roho iliniuma.

Sasa nieleze jambo la mpunga mbichi, maana hapo ndipo nilipoumbuka.

Mpunga ukivunwa lazima uanikwe ukauke. Ukikobolewa ukiwa na maji, punje zinakatika, unapata chenga badala ya mchele, na chenga mnunuzi anaipa mgongo. Mwenye mashine yeyote anajua kupima: anachukua punje moja gunia linapofunguliwa, anaing'ata. Ikikatika kwa mlio, imekauka. Ikibonyea, bado. Na kwetu huku bondeni mkulima hakuulizi. Anasimama pembeni anakutazama unavyong'ata. Ukishamwaga mpunga kwenye mashine, basi, umeukubali.

Mwaka ule mvua zilichelewa kuisha. Watu wakavuna matopeni, wakaleta mpunga mbichi kwa sababu ada za shule hazingojei jua. Ng'ambo nilikuwa namwona yule mama anang'ata, anatema, anamwambia mteja, "Mama yangu, huu una maji. Nikikukobolea leo utanilaani bure. Turubai lile pale, anika, kesho mchana tuutazame tena." Anarudisha kazi iliyokwisha kufika mlangoni! Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyo anafunga duka kwa mdomo wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nang'ata, nagundua ni mbichi, nanyamaza, nakoboa. Mtu mzima amelima tangu sijazaliwa, nimfundishe mimi mpunga mkavu? Na nikimrudisha si atavuka barabara? Chenga zikitoka wanalalamika mashine inakata mchele, nami nawaza, aa, mpunga wenu huo.

Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha kujivunia: kikundi cha akina mama wa kijiji cha Mbingu. Kila msimu walikusanya mpunga wao pamoja, wakaupakia kwenye tela la trekta, wakauleta kwangu. Gunia thelathini kwa mkupuo. Kiongozi wao alikuwa mama wa makamo ya mama yangu, mwembamba, kilemba hakimtoki, aliyenijua tangu nilipokuwa na mashine ya kwanza ya dizeli. Mzigo wa Mbingu ndio uliokuwa unanilipia fundi na umeme wa msimu mzima. Nikiukosa ule, nafunga. Mume wangu alijua, fundi wangu alijua, na nina hakika hata wa ng'ambo alijua.

Siku walipokuja nilisimama mlangoni tangu asubuhi. Trekta likatokea, tela limejaa, akina mama watano wamekaa juu ya gunia. Likapunguza mwendo katikati, kati ya mashine mbili. Wanawake wakaanza kusemezana, mmoja ananyoosha mkono kule, mwingine anatikisa kichwa. Yule mama wa ng'ambo alikuwa ametoka nje na chaki mkononi. Nikasema, Mungu wangu, usinifanyie hivi. Kisha yule kiongozi akamgusa dereva bega, na trekta likakata kona kuja kwangu.

Sijui kama nimewahi kuwa na furaha mbaya namna ile. Sikumtazama mteja wangu, nilimtazama yule wa ng'ambo. Nilitaka nione uso wake unavyomshuka. Haukumshuka. Alitikisa mkono kuwasalimia, akaingia ndani.

Nikamwamkia kiongozi wao, akaitikia, akaniulizia watoto. Tukafungua gunia la kwanza. Nikachukua punje, nikaing'ata, ikabonyea.

Nilisimama pale na ile punje kati ya meno. Tela lilikuwa bado limesimama barabarani, injini inaunguruma. Turubai ninalo moja, na limetoboka. Nikisema anikeni, watavuka. Kule kuna turubai tatu, zimetandikwa tayari. Na wakivuka leo, watu wote wa barabara hii wataona wakivuka. Niliimeza ile punje. Nikamwambia fundi, "Washa."

Tulikoboa gunia kumi na nane. Akina mama walikaa kwenye benchi wakila mihogo. Mimi nilizunguka huku na huku, nikafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Upande wa chenga ulikuwa unajaa kuliko upande wa mchele, na mlio wa mashine ulikuwa umebadilika, mzito, wa kukwama. Nikamwambia fundi akaze mkanda. Akanitazama. Naye alijua.

Yule kiongozi wao akainuka akaja. Akachota mchele kwa viganja viwili, akautoa nje kwenye mwanga, akaupepeta kwa pumzi. Nusu ya kilichobaki viganjani kilikuwa vipande vipande. Akaomba tuzime mashine. Fundi akazima.

"Mashine imeharibika?" akauliza.

Ningeweza kusema ndiyo. Sijui ni nini kilinizuia. "Hapana, mama. Mpunga ulikuwa bado na maji."

"Umejua saa ngapi?"

Wenzake walikuwa wamekwisha kuja, wamesimama nyuma yake. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mlipofungua gunia la kwanza," nikasema.

Nilingoja matusi. Nilikuwa nayahitaji, ili nami nipate la kujibu. Nilikuwa nimeshayaandaa kabisa: kwani nyie hamjui mpunga? Kwani mimi ndiye niliyewavunia? Lakini hakupandisha sauti. Aliurudisha mchele kwenye gunia polepole, akakung'uta viganja, akaongea huku akitazama chini kama anayeongea na mchele.

"Jana tulimpigia mwenzio yule simu kuuliza foleni. Akasema kama mvua imewapata, tusikoboe, tuje tuanike kwake kwanza. Hawa wenzangu wakataka twende. Hata pale barabarani walikuwa wananiambia twende. Nikawaambia jamani, yule wangu ninamjua. Hasemi sana. Lakini hawezi kuona mpunga wetu ni mbichi akatukobolea. Tutamtazama aking'ata. Akiukubali, umekauka." Akalikunja gunia mdomo. "Kwa hiyo ulipoumwaga, tukaanza kula mihogo."

Nimewahi kutukanwa vizuri tu katika biashara hii. Sijawahi kuambiwa neno lililonikata namna ile. Ule mdomo niliouonea wivu miezi yote, hata uongo wa dawa nikausema kwa ajili yake, mimi sikuwa nauhitaji kwa huyu mama. Yeye alinikubali na kimya changu. Alikigeuza kimya changu kuwa neno, akategemeza juu yake mpunga wa mwaka mzima wa wenzake.

Gunia kumi na mbili zilikuwa bado hazijaguswa, zimepangwa ukutani. Fundi alikuwa ananitazama anisikie nitasema nini, mkono uko kwenye swichi. Nje, ng'ambo, yule mama alikuwa anageuza mpunga wa mtu kwa reki juu ya turubai, jua limemwakia mgongoni, na wivu wangu, nisidanganye, ulikuwa pale pale, haujapungua hata kidogo. Nilifungua mdomo nao hivyo hivyo.

"Mama," nikasema, "hizi zilizobaki zisikobolewe. Siku mbili za jua zinazitosha. Mimi sina turubai zuri. Zivusheni kwa yule, atawaanikia, na atawakobolea vizuri."

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mashine izimwe. Akafunga kilemba chake upya, akawaita wenzake waje kubeba.

"Hayo," akasema, "ungeyasema asubuhi."