Shanga Sita Ndani ya Kiberiti

Mke wangu hapimi mkono kwa futi wala kwa uzi. Anakishika kifundo cha mkono wa mteja kwa kidole gumba na cha kati, anatulia kidogo kama mtu anayeonja mchuzi, kisha anakiachia. Basi. Bangili ikikamilika inakaa pale pale inapotakiwa kukaa, haibani na haichezi. Ndiyo maana mtaani wanamwita Kipimo, na jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye vyeti.

Mimi mwenyewe nilimjulia hapo hapo kwenye kupima. Nilikwenda kuagiza bangili ya dada yangu, nikasimama mlangoni nikieleza kwamba dada si mnene sana wala si mwembamba sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kaka, niletee mkono, usiniletee hadithi." Nikarudi na dada. Nikarudi tena na binamu. Mwishowe nikarudi na shangazi, ambaye hajawahi kupenda bangili maishani mwake, na shangazi ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, huyu hana haja ya bangili. Ana mdomo mzito tu."

Kazi anaifanyia sebuleni, kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Shanga amezitenga kwa rangi katika trei ya mayai, na mezani ametandika shuka kuukuu ili ushanga ukianguka usikimbie. Hata hivyo hukimbia, na hapo nyumba nzima husimama. Hakuna anayeruhusiwa kumwaga takataka kabla yeye hajazichambua kwa kidole. Waya anaukata kwa koleo, ncha moja anaikunja kitanzi, anavisha shanga, ncha ya pili anaifanya kulabu, kisha anaipiga tupa. Akimaliza anaipitisha bangili juu ya shavu lake taratibu. Ikimkwaruza hata kidogo, anarudia. Nimeishi naye miaka kumi na tisa na sijamsikia akisema "acha, itafaa hivyo hivyo."

Rafiki yake mkubwa ni fundi cherehani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Sote tunamwita Fundi. Ana bangili ya shanga za buluu aliyotengenezewa na mke wangu, arobaini na sita kwa hesabu wakati huo, na tangu aivae alikuwa hajaivua. Akishona, inagonga meza ya cherehani, tik, tik, na ukipita nje unajua yupo kazini.

Siku moja Fundi aliingia kwetu akiwa amenyoosha mkono. "Shoga, bangili yako imepanuka."

Mke wangu aliweka koleo chini. "Waya wangu haupanuki."

"Basi imejipanua yenyewe."

"Fundi, kitambaa chako kinaweza kupanuka. Waya wangu, hapana."

"Mwone alivyonuna. Shemeji, huyu unamwezaje humu ndani?"

Mimi nilikuwa natengeneza redio, nikazidi kuiinamia. Mke wangu alimshika Fundi mkono kama kawaida yake, akatulia. Safari hii alitulia muda mrefu. Alifungua kulabu, akatoa shanga mbili, akakata waya uliozidi na kukunja kulabu nyingine. Zile shanga mbili hakuzirudisha kwenye trei. Alizitia ndani ya kiberiti kitupu.

Mwezi haukuisha, Fundi akarudi. Sasa ilikuwa mizaha mitupu: anapunguza mwili, anataka kurudia usichana, mumewe ajihadhari. Lakini alikunywa maji vikombe vitatu akiwa amesimama, na mashavu yake yalikuwa yameingia ndani.

"Umekwenda kupimwa?" mke wangu akamuuliza.

"Kwani wewe si umeshanipima?"

Walicheka wote wawili. Shanga mbili nyingine zikaingia kwenye kiberiti.

Mara ya tatu hakufanya mizaha. Aliketi, akasema kwa sauti ya chini kwamba bangili ikicheza watu wanaitazama, na wakishaitazama bangili wanautazama mkono. "Mtu akikonda mtaa huu, kila mmoja anamchagulia ugonjwa anaoutaka yeye. Kesho wateja wataona kinyaa hata kuniachia kitambaa. Nibanie tu, shoga. Na yabaki hapa."

Mke wangu akabana. Fundi alipotoka, hakushika tena koleo siku hiyo. Alikaa akiutazama mlango.

"Ninafanya kazi nzuri," akaniambia. "Namsaidia kujificha, na ninapiga na tupa juu."

Nikasema labda amwambie mume wa Fundi.

"Alilonipa hapa mezani halitoki mlangoni."

Nikasema, basi amkumbushe tu ile methali ya mficha maradhi.

"Anaijua kuliko wewe. Hakuna aliyewahi kufikishwa hospitali na methali, baba."

Nikarudi kwenye redio yangu.

Fundi alikuja mara ya nne, akaivua bangili mwenyewe na kuiweka mezani. Siku hizo hakuhitaji hata kufungua kulabu, ilikuwa inapita kwenye kiganja. Mke wangu hakuigusa. Alichukua kiberiti, akamshika Fundi mkono, akammiminia zile shanga kiganjani.

"Hesabu."

"Sita. Za nini?"

"Ni zako. Ulikuwa nazo mvua zilipoanza. Nimekutoa mbilimbili, na kila mara nimekunja kulabu vizuri ili mtu asione. Kazi hiyo siifanyi tena."

"Nitampelekea mwingine."

"Mpelekee. Atakupa bangili ya kukaa kwenye mkono huo. Mimi nautaka ule mkono niliouvisha."

Fundi alifumba kiganja, akasimama, akatoka bila kuaga. Bangili ikabaki juu ya shuka.

Zilipita siku nane. Nikipita nje ya kwake nilisikia cherehani, lakini ile tik, tik haikuwepo. Mke wangu hakwenda kumtazama, kwa kuwa alisema akienda ataomba radhi, na akiomba radhi atabana. Katika siku hizo alikosea hesabu ya shanga mara mbili, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilimwona pia akiinua ile bangili ya buluu, akiipitisha shavuni, na kuirudisha mahali pake.

Asubuhi ya siku ya tisa Fundi alisimama mlangoni, amejitanda kitambaa kichwani kama mtu wa safari.

"Shoga, vaa viatu," alisema. "Lile benchi la hospitali siwezi kulikalia peke yangu."

Walikaa kwenye benchi mpaka alasiri. Ilikuwa sukari. Daktari alimwambia imepanda vibaya, ila amewahi. Akapewa dawa na karatasi ya vyakula, na mke wangu akaisoma ile karatasi kwa sauti njia nzima, Fundi akimwomba anyamaze.

Mambo yakaenda polepole. Mashavu yalianza kurudi, baadaye kicheko, na mwisho ubishi. Siku aliyokuja na zile shanga sita, alikuwa amezifunga kwenye kipande cha kitambaa cha dukani kwake, hata moja haijapotea.

Waya ukishakatwa haurefuki, kwa hiyo mke wangu alikata mpya na kuanza mwanzo. Alivisha zile arobaini za zamani, kisha akamshika Fundi mkono, akatulia.

"Nne," akasema.

"Weka zote. Sita."

"Nne, Fundi."

"Mbili tu hizo, shoga, nani ataona?"

"Mimi."

Fundi alinigeukia aniamulie. Nikainamia redio.

Alivaa bangili ya shanga arobaini na nne, akaitikisa karibu na sikio, akaenda kushona. Mbili zilizobaki ziko kwenye kiberiti, kando ya trei ya mayai. Siku hizi Fundi akiingia kwetu, kabla hata ya kusalimu, hunyoosha mkono.